Safari ya Siri Kwenda kwa Kina Venant

Dorotea hakuwahi kumwamini mtu aliyelala kwenye treni. Miaka ishirini na tisa ya kukagua tiketi kati ya Mwanza na Tabora ilimfundisha kwamba abiria aliyelipa hulala mdomo wazi, na asiyelipa hulala mdomo umefungwa vizuri huku kope zikimchezacheza. Alipostaafu akahamia kwenye nyumba yake ya matofali pale Fela, wilayani Misungwi, hatua chache kutoka relini, na macho yale akahama nayo. Muuza maziwa alipimiwa upya maziwa yake mlangoni. Katekista aliyekuja kusali na wagonjwa aliulizwa ametumwa na nani. Hata kuku walihesabiwa jioni mara mbili, maana mara ya kwanza huenda mmoja alizunguka nyuma ya banda akahesabiwa tena.

Tusimcheke sana, kwa sababu jambo hilo lilikuwa na mwanzo wake. Siku moja, mtoto wake Queen akiwa na miaka minane, Dorotea alikuwa kazini kwenye behewa la daraja la pili, treni ikikaribia Malampaka. Mama mmoja mnene, mpole, mwenye watoto wawili, alimpa pasi ya familia, ile karatasi ya mfanyakazi wa reli inayomwezesha mke na watoto wake kusafiri bure. Dorotea akasoma jina la mfanyakazi. Lilikuwa la Luhaga, fundi wa mabehewa, mume wake mwenyewe wa ndoa ya kanisani. Kwa vile Dorotea alikuwa na pasi yake ya kazi, nafasi ya mke kwenye pasi ya Luhaga ilikuwa wazi miaka yote, na Luhaga aliona si vizuri ipotee bure. Muhuri ulikuwa sawa, tarehe sawa. Dorotea akaitoboa, akamrudishia yule mama, akamtakia safari njema, akaendelea na kazi mpaka Tabora. Huko ndiko alikokaa chini akalia. Luhaga akahamia Malampaka moja kwa moja, Dorotea akalea mtoto peke yake, na tangu hapo hakuna karatasi wala sura iliyopita mbele yake bila kugeuzwa upande wa pili.

Sasa Queen alikuwa na miaka ishirini na saba, muuzaji kwenye duka la dawa pale Usagara, na alikuwa amepata mchumba. Jina lake Venant. Kazi yake ilikuwa kupanga abiria na vifurushi kwenye kituo cha mabasi cha Nyegezi, katika kampuni inayopeleka magari Bukoba na kuendelea hadi mpakani Mutukula. Kwao, alisema, ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwenye geti. Baba alishafariki, mama yupo. Barua ya posa ilikuwa imeshaletwa na wazee wawili wa heshima, na ilisubiri kujibiwa kabla mwezi haujaisha.

Dorotea alimkagua kijana kuanzia kisigino. Viatu safi. Salamu nzuri, tena ya kuinama. Lakini vifungo vya shati vilikuwa vimeshonwa kwa mkono, uzi umepitishwa msalaba na kuzungushwa chini ya kifungo mara tatu, kazi ya mtu anayejua. Kijana aliyepanga chumba kimoja, anayekula kwa mama ntilie, nani anamshonea vifungo namna ile?

"Mwanamke," Dorotea alimwambia Queen baada ya mgeni kuondoka.

"Mama, ni vifungo tu."

"Na simu yake ina laini mbili."

"Ya kwako pia ina laini mbili."

"Mimi sijaposa mtoto wa mtu."

Queen akakusanya vikombe. Tangu utoto alijua kwamba kubishana na mama yake kulirefusha ukaguzi.

Desturi inajulikana. Kabla posa haijajibiwa, upande wa msichana humtuma mtu kwenda kuona kwao kijana kimyakimya. Aghalabu hutumwa shangazi au mjomba mwenye sura ya upole, akajifanya amepotea njia au anatafuta mbuzi wa kununua, kumbe anaangalia kama nyumba ipo, kama watu wa hapo wanasalimiana na jirani, na kama hakuna mwanamke anayepika jikoni ambaye hakutajwa kwenye barua. Shida ya Dorotea ilikuwa moja tu: kati ya ndugu zake wote hakumwona hata mmoja wa kumwamini kazi hiyo. Kwa hiyo aliamua kwenda mwenyewe.

Njia rahisi ilikuwa ya basi. Linatoka Nyegezi asubuhi, linapita daraja la Kigongo na Busisi, Sengerema, Geita, Muleba, na jioni uko mpakani. Enzi za kivuko watu walishuka pale majini wakachanganyika na wauza samaki, na mtu mwenye shughuli zake angeweza kupotelea kwenye umati. Sasa daraja limekwisha, basi linavuka ziwa na abiria wamekaa kwenye viti vyao, wakiangaliwa na konda. Na makonda wote walimjua Venant. Madereva walimjua, wapiga debe walimjua, wauza mahindi ya kuchoma wa Geita walimjua. Dorotea angekata tiketi asubuhi, na kabla hajafika Sengerema kijana angekuwa ameshapiga simu kwao nyumba ifagiliwe, na kama kuna mke, apelekwe kwa shangazi yake. Bodaboda na bajaji nazo ni walewale. Chombo chochote chenye dereva kina mdomo.

Akachukua daftari la mistari, akaandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa: BILA GARI.

Halafu akaipanga safari kama alivyokuwa akipanga zamu za kazi. Treni ya kutoka Tabora ingemchukua Fela asubuhi pamoja na baiskeli yake, iliyofungwa kwenye behewa la mizigo, na kumshusha Mwanza mjini. Kutoka stesheni mpaka bandarini ni mwendo mfupi wa kusukuma baiskeli. Meli ya Bukoba huondoka usiku lakini hupokea mizigo tangu alasiri, na kwa kuwa haiondoki kila siku, alipanga siku zake kufuata za meli. Kesho yake angeshuka Bukoba, apande baiskeli taratibu mpaka Kyaka, alale huko kwa masista. Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe: aamke mapema, afike mpakani asubuhi, avuke, aone alichokwenda kuona, na kabla jua halijazama awe amerudi upande wa nyumbani. Nchi ya watu angekaa mchana mmoja tu. Miguu haikumtia wasiwasi. Alikuwa na miaka hamsini na nane na tangu darasa la tano hakuwahi kukaa wiki nzima bila kupanda baiskeli.

Karatasi zilimtoa jasho zaidi ya milima ya Bukoba. Chanjo ya homa ya manjano alichomwa mjini. Hati ya dharura ya kusafiria ilihitaji barua ya utambulisho, na barua ilikuwa kwa mtendaji wa kijiji, Obedi, kijana mwenye miwani ambaye Dorotea alimjua tangu akiwa mwanafunzi anayedandia treni bila nauli.

"Unakwenda Uganda na kurudi siku hiyohiyo?" Obedi aliuliza.

"Ndiyo."

"Kwa baiskeli?"

"Ndiyo."

"Kununua nini?"

"Sinunui kitu."

Obedi akaweka kalamu chini. Alishawaandikia barua watu wa biashara, wa harusi, wa matibabu, na mmoja wa mganga. Mtu mzima wa kuvuka mpaka kwa baiskeli, asinunue kitu, akarudi kabla ya chakula cha jioni, huyo alikuwa hajamwona.

"Mama, samahani, lakini magendo ya siku hizi yana njia nyingi."

"Unanishuku mimi?" Dorotea aliumia kwa kweli. Hakuzoea kusimama upande ule wa tiketi.

"Sikushuku, mama. Nauliza tu. Lazima niandike sababu."

"Andika ubatizo," alisema Dorotea, na huo ukawa uongo wake wa kwanza tangu aape kwenye ajira.

Wa pili ulikuja siku mbili baadaye. Fundi Maige wa baiskeli alikuwa akibadilisha spoki, akauliza tairi mpya mbili za akiba ni za kwenda wapi. Dorotea akasema ni za hija ya Sengerema, na akina mama wa parokia. Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba katibu wa akina mama wa parokia ni mke wa Maige. Wa tatu aliutoa kwa Queen mezani, macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Nina uhakiki wa wastaafu mjini. Siku tano."

"Uhakiki wa siku tano?"

"Foleni."

"Na baiskeli?"

"Naipeleka kwa fundi wa mjini. Maige ananiharibia."

Queen alimtazama muda mrefu kidogo. "Haya, mama," akasema, na hakuuliza tena. Dorotea, ambaye kwa jibu kama lile angemshusha abiria kituo kinachofuata, alishukuru kwamba mtoto wake si mtu wa kuchimba.

Siku tatu kabla ya safari likatokea jambo lililomnyima usingizi. Alikuwa kwenye mashine ya kusaga, amepanga ndoo yake kwenye foleni, mwenye mashine akamuuliza, "Yule mgeni alikupata?"

"Mgeni gani?"

"Mama mmoja mtu mzima, anachechemea. Amefikia kwa katekista. Anasema anatafuta mchele, lakini gunia hana. Anauliza sana habari zako. Kama una shamba. Kama mnaelewana na majirani."

Dorotea akaondoka na mahindi bila kusaga. Kichwani mambo yalikuwa wazi kabisa: Venant ameshtuka na ameweka mtu wa kumfuatilia. Na mtu asiye na la kuficha huweka mtu wa nini? Alitaka kwenda kwa katekista kumkabili huyo mama palepale, akajizuia, kwa sababu angejionyesha. Badala yake aliharakisha kufunga mzigo. Usiku ule alisikia hatua uani mara mbili, na mara zote alikuwa mbuzi wa jirani.

Asubuhi ya safari treni ilichelewa kidogo tu. Dorotea alihakikisha baiskeli imefungwa kwenye behewa la mizigo, akauvuta mkanda mwenyewe, akaja kukaa daraja la tatu karibu na mlango. Treni ilipoondoka akainua macho. Viti vinne mbele yake alikaa mama mtu mzima, kitenge cha kahawia, kapu mapajani, mguu mmoja ameunyoosha. Alikuwa amelala. Mdomo umefungwa vizuri, na kope zinachezacheza.

Njia nzima Dorotea hakuangalia dirishani hata mara moja.

Alipofika Mwanza alijaribu kumpoteza. Alisukuma baiskeli haraka kati ya machinga, akajifanya anauliza bei ya ndala, akarudi nyuma, akapita mtaa mwingine. Alifika bandarini akiwa na jasho mpaka kiunoni, akaingia kwenye foleni ya kupima mizigo, na kabla hajaweka stendi ya baiskeli akamwona yule mama amekaa kwenye benchi la abiria, kapu pembeni, anamenya chungwa. Alikuwa amepita tu njia ya moja kwa moja.

Dorotea aliona kukimbia hakufai tena. Akaegemeza baiskeli mahali anapoiona, akaenda kukaa kwenye benchi lilelile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dada. Karibu chungwa."

"Ahsante, nimeshiba. Unatoka mbali?"

"Huko Misungwi. Nilikwenda kutafuta mchele."

Dorotea akachungulia kapu. Kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chupa ya dawa ya kuchua. Punje ya mchele haikuwepo.

"Mchele ulikosa?"

"Ulikuwepo. Bei ilinishinda."

"Na mguu huo, kwa nini hukupanda basi? Si linakufikisha karibu na nyumbani?"

Yule mama akachelewa kujibu. Kuchelewa kule Dorotea alikujua vizuri, ni kule kwa mtu anayepapasa mifuko akijua tiketi haimo.

"Kwenye mabasi kuna mtu ambaye sitaki ajue nimesafiri," akasema mwishowe.

"Nani?"

"Mwanangu. Anapanga abiria pale Nyegezi. Madereva wote ni rafiki zake. Ningepanda basi, angejua kabla sijatoka Mutukula." Akatema mbegu ya chungwa kiganjani. "Anataka kuoa. Na mimi siwezi kukaa tu nikaletewa mkwe bila kwenda kuchungulia anakotoka."

Dorotea alibaki ameshika ukingo wa benchi. Wazo la kwanza, tuseme ukweli, lilikuwa kwamba huu ni mtego na mama huyu amefundishwa maneno. Akamtazama viatu, vidole, kitenge. Hakuona pa kushika. Huyu alikuwa mama yake Venant, ametoka ng'ambo kwa meli na kwa treni na mguu wake mbovu, kwa sababu ileile iliyomfanya yeye aandike BILA GARI kwenye daftari.

"Na huyo mwanao," Dorotea aliuliza, haraka kuliko alivyokusudia, "hana mke mwingine?"

"Mke? Angekuwa na mke angejishonea vifungo mwenyewe? Marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani. Alimfundisha sindano kabla hajajua kusoma."

Ikawa imekwisha. Safari nzima, chanjo, hati, tairi mbili za akiba, vyote vilijibiwa kwenye benchi la bandari kabla meli haijafungua mlango. Dorotea alifurahi, na akasikitika kidogo pia, kama mtu aliyejiandaa kwa mtihani ukaahirishwa. Hapo angenyamaza. Lakini alikuwa na hamu ya kutaka kujua, akauliza, "Na huko ulikokwenda, umeonaje?"

"Msichana sina neno naye."

"Na mama yake?"

"Mama yake kila mtu alimsifu. Mwaminifu, msafi, hana maneno ya mtaani."

"Basi vizuri."

"Nikawauliza hao waliomsifu: mama huyu akiugua, anamwita nani? Wakaangaliana." Mama Venant akafuta vidole kwenye pindo la kitenge. "Halafu nikaenda dukani kwa msichana mwenyewe, kununua dawa hii. Hanijui. Nikamwambia, mwanangu, nasikia unaolewa mbali, mama utamwacha na nani? Akacheka. Akasema, 'Bibi, mbali nimepachagua makusudi.' Halafu akageuka kupanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa."

Kelele za bandari ziliendelea, watu wakigombania nafasi ya matenga ya nyanya, na Dorotea hakusikia hata moja. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba Venant ni tapeli. Hilo angelibeba. Hili hakuwa na mahali pa kulishika.

"Labda alikuwa anatania," akasema.

"Labda. Lakini siwezi kumpokea mtoto anayekuja kwangu kwa kumkimbia mama yake. Siku akichoka na mimi atakimbilia wapi? Juzi niliamua kwamba nikifika tu, naandika barua ya kuondoa posa. Leo asubuhi nikasita."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuona na baiskeli, Mama Queen."

Dorotea hakuwa amemwambia mtu jina lake wala la mtoto wake tangu ashuke kwenye treni.

"Ulinijua tangu lini?"

"Tangu Fela. Walinionyesha nyumba yako siku ya kwanza. Leo nakuona stesheni na baiskeli, pampu, tairi mbili mpya. Nikasema, huyu anakwenda kwangu."

"Kwa hiyo ulikuja kijijini kwangu kunipeleleza!" Dorotea alisimama, sauti ikapanda hata mpima mizigo akageuka. "Unauliza watu habari zangu kwenye mashine ya kusaga!"

"Na wewe, kwa katekista wanasema unakwenda ubatizo. Baiskeli hiyo unaipeleka kubatizwa?"

Kicheko kikamtoka Dorotea bila ruhusa, akakaa chini, na yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Odeta, akacheka naye mpaka akashika mguu.

Kicheko kilipoisha Odeta akawa wa kwanza kuongea. "Nilidhani nitaletewa mtoto wa mwanamke asiyejali. Kumbe mwanamke huyo alitaka kuendesha baiskeli mpaka mpakani kwa ajili ya mtoto wake. Sasa, mtoto hilo halijui. Anachojua yeye ni kwamba anakaguliwa."

"Ningemwambia nini?"

"Utajua mwenyewe. Mimi barua siandiki mpaka nisikie kutoka kwake. Akisema anakuja kwangu kwa sababu ya Venant, nitampokea kwa mikono miwili. Akisema ni kwa sababu yako, naondoa posa, hata Venant akininunia mwaka mzima."

Dorotea aliitazama meli. Tiketi ilikuwa mfukoni. Na akili yake ya zamani haikulala: je, kama mama huyu anazuia nisifike? Je, kama nyumba haipo, na mke yupo, na haya yote yamepangwa? Hakukuwa na namna ya kuhakiki, isipokuwa kupanda meli. Alikaa na wazo hilo dakika kadhaa. Kisha akamuaga Odeta, akatoka kwenye foleni na baiskeli yake, bila kuhakiki.

Barabara ya kurudi Fela ni ndefu na ina vilima. Alipita Mkuyuni, akapita Butimba, na mbele ya kituo cha Nyegezi, mahali alipoapa hatapita, akapita mchana kweupe mbele ya mabasi yote. Venant alikuwa ameshika orodha ya abiria. "Mama!" akaita kwa mshangao. Dorotea akampungia mkono na kuendelea kukanyaga.

Jua lilikuwa linazama alipofika nyumbani. Queen alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Venant amepiga. Anasema umepita Nyegezi na baiskeli kama uko kwenye mashindano. Uhakiki umekwisha?"

"Hakukuwa na uhakiki."

Akamweleza akiwa bado ameshika usukani. Alieleza daftari, ubatizo wa uongo, hija ya uongo, mgeni wa mashine ya kusaga, benchi la bandarini. Hakujitetea popote. Alipofika kwenye maneno ya dukani, akayasema kama alivyoyasikia.

"Bibi yule wa dawa ya kuchua," Queen akasema.

"Ndiye. Ni kweli ulichomwambia?"

Queen akamtazama usoni. "Ni kweli, mama. Venant nampenda. Lakini kilichonifanya nimkubali haraka ni kusikia kwao ni ng'ambo. Nilihesabu vituo vyote vya katikati, nikafurahi."

Dorotea akaitikia kwa kichwa. Alitaka kusema habari za Malampaka, za pasi ile, za watoto wawili waliokuwa na pua za Luhaga, mambo ambayo Queen aliyajua nusunusu tu. Akaona siku hiyo haikuwa ya kujieleza.

Queen akaingia chumbani na simu. Sauti yake ikaanza kusikika kupitia dirishani, ndogo, ya mtu anayeongea na mkubwa wake. Alikuwa anaongea na Odeta, kwa namba aliyomwachia Dorotea bandarini. Dorotea akachukua kigoda, akakitoa uani, akaona bado anasikia maneno, akakisogeza mpaka nyuma ya banda la kuku, halafu mbele zaidi, mpaka karibu na tuta la reli. Pale hakusikia kitu. Mwili wote ulimvuta kurudi. Ndani ya chumba kile mtoto wake alikuwa anaamua kama ataondoka au hataondoka, na kwa sababu gani, na yeye mama yake hakujua neno hata moja. Alikaa palepale, mikono imeshikana.

Ilipita muda. Queen akatoka, akamtafuta jikoni, akamtafuta uani.

"Mama, uko wapi?"

"Huku."

"Umekwenda kukaa mbali hivyo kwa nini?"

"Ili nisisikie."

Giza lilikuwa linaanza. Queen akarudi ndani, akaja na kigoda cha pili, akakiweka karibu na cha mama yake.

"Nimemwomba miezi miwili," akasema. "Nimemwambia nataka nione, kama sina ninayemkimbia, bado nitataka kwenda? Amekubali."

Maswali kama saba yalimjia Dorotea kwa pamoja. Aliyameza yote.

"Haya," akasema.

Queen akavua ndala, akanyoosha miguu, na akaanza kumsimulia habari za Venant tangu siku ya kwanza, mwenyewe, bila kuulizwa.